"Ticha, Mimi Mto Sivuki": Namna ya Kuchagua Vihusishi vya Kiingereza Unapoelezea Njia

Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari upande wa Matema, wilayani Kyela. Nilipangiwa Kidato cha Pili, somo la Kiingereza. Wiki ya pili nikawapa wanafunzi kazi niliyoiona nyepesi: andika aya moja kwa Kiingereza, ueleze njia unayopita kutoka nyumbani mpaka shuleni. Madaftari yakaja rundo zima, nikakaa nayo usiku na kalamu yangu nyekundu.

Binti mmoja aliandika hivi: "Every morning I walk along the river to school." Nikaikata "along", juu yake nikaandika "across". Sikufikiria hata sekunde mbili. Kichwani mwangu "river" na "across" vilishafunga ndoa tangu shule ya msingi, maana ndivyo tulivyokaririshwa: "across the river", "over the bridge", "through the forest". Nikampa saba kwa kumi, nikaenda kulala nikijiona mwalimu.

Kesho yake asubuhi alinifuata mlangoni mwa ofisi ya walimu. Alipiga goti kidogo kama desturi ya mabinti wa kule wanapomsalimia mkubwa, kisha akasema taratibu, "Ticha, shikamoo. Naomba kuuliza. Mimi mto sivuki. Kwetu na shule ni upande mmoja, natembea pembeni ya mto tu mpaka nafika." Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza, "Na msimu huu kule hakuvukiki."

Ilikuwa mwezi wa nne. Aliyewahi kukaa Kyela wakati wa masika anajua binti alikuwa anasema nini. Kiwira, Mbaka, Lufilyo, Songwe, mito yote hiyo inashuka kutoka milimani kuja bondeni, na ikijaa inatapakaa mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Mtu mzima anasimama ng'ambo anaangalia kwao na hawezi kwenda. Mimi nikamvusha mtoto wa watu mto uliofurika, kwa kalamu nyekundu, na maksi nikamnyang'anya juu.

Nilimwambia, "Umepatia. Mimi ndiye niliyekosea." Lakini wasomaji wenzangu, niseme ukweli: nilipobaki peke yangu niligundua kwamba sikujua kwa nini yeye alipatia. Nilijua orodha ya vihusishi, sikujua namna ya kuchagua. Makala hii ni matokeo ya kulitafuta jibu hilo wiki zile nane. Naiandika hasa kwa wenzangu wa ualimu mnaojiandaa kwenda shuleni, lakini hata wewe wa jiografia, historia au sheria utaihitaji siku utakapoandika ripoti yenye safari ndani yake.

Njia imo ndani ya kitenzi

Tuanze na Kiswahili chetu, maana tatizo linaanzia hapo. Sikiliza vitenzi hivi: kuvuka, kufuata, kupita, kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kuzunguka, kuelekea. Kila kimoja kinakuambia umbo la njia. Ukisema "nimevuka" hata kabla hujataja mto au barabara, mimi nimeshajua kwamba ulikuwa upande mmoja na sasa uko upande wa pili.

Kiingereza mara nyingi hufanya kinyume. Kitenzi chake kinasema tu kwamba mtu amekwenda, au amekwendaje: "go", "walk", "run", "sail". Umbo la njia linabebwa na kihusishi kinachofuata. Kuvuka inakuwa "go across". Kufuata ukingo inakuwa "go along". Kuingia ni "go into", kutoka ndani ni "go out of", kupanda ni "go up", kushuka ni "go down", kuzunguka ni "go round", na kuelekea ni "go towards".

Umeona? Tunapotafsiri huwa tunahangaika na nomino. Tunauliza, "Mto unachukua kihusishi gani? Barabara inachukua kipi?" Mto hauchukui chochote. Mto mmoja huohuo unaweza kutembea "along", ukauvuka "across", ukauogelea "down" mpaka ziwani, au ukasimama "by" ukisubiri maji yapungue. Kinachochagua kihusishi ni kile mwili wako ulichokifanya kuhusiana na mto. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: acha nomino, rudi kwenye kitenzi cha Kiswahili. Kihusishi unachokitafuta kimejificha humo.

Mzigo mmoja usibebwe na watu wawili

Kiingereza nacho kina vitenzi vichache vinavyobeba njia kama vyetu: "cross", "enter", "reach", "leave", "climb", "follow". Hapa ndipo tunapoteleza upande wa pili. Mtu anaandika "We reached at Kyela" au "He entered into the bus". Kitenzi kimeshabeba mzigo, wewe unamwongezea msaidizi asiye na kazi. Andika "We reached Kyela." Andika "He entered the bus", au kama wanavyosema kwa kawaida, "He got on the bus."

Angalia na "arrive". Hiki hakijabeba kitu, kinahitaji msaidizi, ila msaidizi wake si "to". Unafika "in" mji au nchi, "at" kituo, shule au bandari: "We arrived in Kyela", "We arrived at the port".

Na nyumbani je? Hapa kiambishi chetu "-ni" kinatudanganya. "Nakwenda nyumbani" inatufanya tutafute kitu cha kuwakilisha ile "-ni", tunaandika "I am going to home". Kiingereza hakitaki. Ni "I am going home", kama vile "going there" na "coming here".

Jambo lingine dogo lenye madhara: "Natoka Kyela." Kwa Kiswahili inaweza kuwa asili yako au safari yako ya leo. Kwa Kiingereza zimegawanyika. "I come from Kyela" maana yake ni mwenyeji wa huko. Kama umetoka Kyela leo asubuhi na bado uko njiani, sema "I am coming from Kyela".

Mtego unaoitwa kupita

Chukua safari ya kawaida. Umepanda basi Mbeya mjini. Mnafika Uyole, gari linaacha barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, linakata kulia. Mnapita Kiwira, mnapita Tukuyu, mnaanza kuteremka kwenye migomba na chai mpaka joto la bonde linawapokea. Kwa Kiswahili "kupita" imefanya kazi yote. Kwa Kiingereza lazima uamue.

Kama basi limeingia mjini Tukuyu likatokea upande wa pili, limepita "through Tukuyu". Kama limeuacha mji pembeni bila kuingia, limepita "past Tukuyu". Kama unataja tu kwamba hiyo ndiyo njia, si ile nyingine, basi ni "via Tukuyu". Tiketi na matangazo ya mabasi hupenda hiyo ya mwisho.

Tofauti hii si ya kwenye mtihani tu. Tuseme una mgeni asiyejua Kiswahili, yuko Kyela mjini, anataka kuja Matema. Njia inapitia Ipinda. Ukimwandikia "Come via Ipinda", atajua Ipinda iko njiani. Ukimwandikia "Go past Ipinda and get off", atahesabu kwamba akishaiacha Ipinda tu ashuke, na utampata amekaa kando ya barabara na begi lake, katikati ya mashamba ya watu.

Pale, kule au mle?

Sasa tuje kwenye "in", "at" na "to", vile vihusishi vitatu vinavyotoa jasho. Sisi tunasema "bandarini" na yote yameisha. Lakini "-ni" yetu ina siri ambayo tulifundishwa kwenye ngeli ya mahali, halafu tukaiacha ibaki kwenye daftari la Kiswahili. Mahali pana sura tatu: pa, ku na mu. Kinyakyusa nacho kinazo hizo tatu na kinazitanguliza mbele ya nomino, kwa hiyo wanafunzi wangu wa Kyela walikuwa nazo masikioni kabla hata hawajaanza darasa la kwanza.

Jaribu hivi. Kabla ya kuandika, ongeza moyoni neno moja: pale, kule au mle.

"Bandarini pale" ni nukta moja, mahali mahususi: "at the port". "Bandarini kule", ukiwa unakwenda, ni upande unaoelekea hadi ufike: "to the port". "Bandarini mle" ni ndani ya eneo: "in the port". Ukiweka mwendo, mle pamoja na kuingia ni "into", na mle pamoja na kutoka ni "out of".

Ndiyo maana Uyole hiyohiyo inaweza kuchukua vihusishi viwili. Dereva anayekata kona anaiona Uyole kama nukta, pale: "Turn right at Uyole." Mwanafunzi aliyepanga chumba huko anaishi mle: "I live in Uyole." Wote wako sahihi. Ukimuuliza mtu "Uyole inachukua nini?" umeuliza swali lisilo na jibu.

Kitu kimoja ambacho pa, ku na mu havitakusaidia ni "on". Sisi tunasema "barabarani" na "njiani", Kiingereza kinaona mstari au uso wa kitu: "on the road", "on the way", "on the bridge". Mji uliokaa kando ya ziwa nao ni "on the lake": "Matema is on Lake Nyasa." Haimaanishi unaelea.

Umepanda nini?

Kiswahili kinapanda kila kitu: basi, bodaboda, meli, mtumbwi, mpaka mlima. Kiingereza kinaangalia chombo. Kama unaweza kuingia ukasimama na kutembea ndani yake, ni "on": "on the bus", "on the ship", "on the train". Kama unaingia kwa kuinama na kukaa palepale, ni "in": "in a taxi", "in a Noah", "in a canoe". Bodaboda unaikalia kwa juu, kwa hiyo ni "on" pia.

Vitenzi vyake vinafuata mantiki hiyohiyo. "Get on" na "get off" ni za basi na meli, "get in" na "get out of" ni za Noah na mtumbwi. Ukitaja aina ya usafiri tu, bila "a" wala "the", tumia "by": "by bus", "by boat", "by bodaboda". Miguu inajitenga: "on foot".

Ukifika ziwani

Ziwa Nyasa ndilo darasa zuri kuliko yote, kwa sababu majini hakuna barabara ya kukusaidia kukisia. Simama ufukweni Matema, kona ya kaskazini mashariki ya ziwa. Milima ya Livingstone inashuka karibu moja kwa moja majini. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, mafundi wa vyungu, huleta vyungu vyao Matema kwa mitumbwi. Je, wanavuka ziwa? Hapana, wanafuata ukingo: "They bring the pots to Matema by canoe, along the shore."

Sasa chukua meli kutoka bandari za upande wa Kyela, Itungi na Kiwira, kwenda Mbamba Bay. Inashuka kusini ikigusa Lupingu, Manda na Liuli: "The ship goes down the lake to Mbamba Bay and calls at Lupingu, Manda and Liuli." Lakini chombo kikitoka Mbamba Bay kwenda Nkhata Bay ya Malawi, hapo kweli kinavuka: "across the lake". Ukizibadilisha hizo mbili, umempeleka abiria nchi nyingine bila pasipoti.

Kwenye nchi kavu mpaka uko Kasumulu, na Mto Songwe ndio unaotenganisha. Safari ya Karonga inakusanya vihusishi kama soko la Jumamosi: unakwenda "to the border", unavuka "over the bridge", maji yanapita "under the bridge", unaingia "into Malawi".

Wa jiografia mnisikilize. Songwe, Kiwira na Ruhuhu hutiririka "into Lake Nyasa". Shire peke yake ndio unaotoka, "out of Lake Nyasa", kusini kabisa, kwenda kuungana na Zambezi. Ukiandika "River Shire flows into Lake Nyasa" umeugeuza mto mzima kwa neno moja.

Na wa historia mnakumbuka tarehe 13 Agosti 1914, boti ya kivita ya Waingereza, Gwendolen, ilipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, huko Liuli, wakati ule pakiitwa Sphinxhafen. Ile ya Wajerumani ilikuwa kwenye chelezo ikitengenezwa. Mwendo wote unakaa kwenye vihusishi vitatu: Gwendolen ilikuja "across the lake", ikaingia "into the bay", ikamkuta mwenzake "on the slipway".

Mwisho wa ziwani, tenganisha "to" na "towards". "The boat sailed to Lupingu" maana yake ilifika. "The boat sailed towards Lupingu" maana yake ilielekea huko, kufika hatujui. Fikiria upepo umechafuka, ndugu wanasubiri ufukweni, na wewe ndiye unayeandika taarifa kwa Kiingereza. Hilo neno moja ni kubwa kuliko maksi.

Nilivyorudi darasani

Kipindi kilichofuata nilisimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba kwenye daftari la mwenzao nilisahihisha kitu kilichokuwa sahihi. Darasa likawa kimya, halafu wa nyuma wakaanza kucheka kwa chini. Niliona aibu, siwezi kuficha. Lakini kuanzia siku ile walianza kuniuliza maswali ya kweli.

Hatukuanza na orodha tena. Nilisema kila mmoja achore njia yake kwenye karatasi: nyumba, mto, mwembe mkubwa, soko, daraja, shule. Kisha avute mstari wa safari yake kwa kalamu. Kisha aueleze mstari huo kwa kitenzi cha Kiswahili, nafuata, navuka, naingia, nazunguka. Kiingereza kikaja mwisho. Wale wa Kidato cha Pili ambao wiki iliyopita walijaza "in" kila nafasi, sasa walikuwa wanabishana: "Wewe soko huingii, unalipita kwa nje, kwa hiyo ni past!" Hawakupatia zote. Walipokosea, tuliangalia mchoro pamoja, na mara mbili mchoro ulinisahihisha mimi.

Tukumbuke kwamba mtoto akiingia sekondari, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza kwa mkupuo. Njia ya kwao ni kati ya vitu vichache anavyovijua kuliko mwalimu wake. Tukimkatia hata hiyo, atanyamaza, na akishanyamaza kumfungua ni kazi.

Jipime kabla hujafunga gazeti

Jaza nafasi. Kama nafasi haihitaji kitu, iache wazi.

1. Basi halikuingia mjini, lilipita kwa nje: "The bus went ___ Tukuyu without stopping."
2. "We reached ___ Kyela in the evening."
3. "She came from Ikombe ___ canoe, ___ the shore."
4. "We got ___ the Noah and got ___ the ship."
5. Dhoruba ilianza kabla hawajafika: "They were sailing ___ Lupingu."
6. "Leave the main road ___ Uyole."

Majibu: ya kwanza ni "past". Ya pili haihitaji kitu. Ya tatu ni "by" na "along". Ya nne ni "out of" na "on". Ya tano ni "towards". Ya sita ni "at".

Ukikosa mojawapo usirudi kwenye orodha. Chukua karatasi, chora, jiulize kwa Kiswahili mwili wako ulifanya nini pale.

Yule binti nilimrudishia maksi zake. Siku ya mwisho ya mazoezi alinisindikiza mpaka barabarani nikasubiri gari la Kyela. Nilimuuliza kwa Kiingereza, kwa utani, atarudije nyumbani. Akaangalia upande wa mtoni, akacheka, akanijibu, "Along the river, ticha. Not across."